Betri Isiyochemka

Zuhura mwanangu,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Kwanza nina hasira, na nataka uijue hasira yangu kabla hujajua kitu kingine. Leo mchana nimemkuta Nungu kwenye lundo la vyuma chakavu.

Nilikuwa nimepeleka betri mbovu kwa Mzee Sefu, kama ninavyopeleka kila zinapojaa bandani. Yeye anapima, mimi nimekaa kwenye tairi naangalia tu huku na huku. Nikaona pembe nyeupe inachungulia chini ya masufuria yaliyotoboka. Pembe ile ningeijua hata gizani, kwa sababu ni ubao wangu wa kukatia nyama, ule wa plastiki, ulioutoa jikoni ukaukata kwa msumeno bila kuniuliza. Nikainuka. Nikatoa sufuria, nikatoa rimu ya baiskeli, na chini kabisa alikuwa amelala roboti wako, magurudumu juu, tumbo limeungua.

Nikamuuliza, "Mzee Sefu, hiki umekipata wapi?"

"Si kakileta binti yako jana. Kasema nichukue tu, hataki kitu. Lakini plastiki tupu hii, Mama Zuhura, chuma chenyewe ni hako kasahani."

Kasahani. Siku nne ulikaa mlangoni pa banda langu unachonga meno ya hako kasahani, silaha ya Nungu, kutoka kwenye sproketi ya pikipiki, vidole vimejaa malengelenge, chakula unaletewa hapohapo. Nikamtia Nungu kwapani nikaondoka. Betri zangu nimeziacha kwenye mizani, sikuaga, na Mzee Sefu ananiita mpaka sasa nadhani.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Wewe umekwenda Maneromango kumuaga bibi yako na utarudi na Magharibi, kesho asubuhi una safari ya Mbeya. Nimefunga banda mapema. Watu wawili wamegonga na sijawafungulia. Nungu yupo mezani mbele yangu, nimempangusa kwa kitambaa na petroli kidogo, na kila ninapomwangalia nakasirika upya.

Sikuandikii habari za kula, kufua, kuswali wala za watu wa kukaa nao. Hayo umeyasikia tangu ukiwa na meno ya utoto, na kama hayakuingia basi barua haitayaingiza. Nakuandikia habari ya jambo moja, na sijui niliingilie wapi, kwa hiyo nitaendelea kukugombeza mpaka nifike.

Ulichaguliwa kusoma umeme huko chuoni Mbeya. Jina lilipotoka nilikwenda nalo kwenye simu mpaka sokoni, nikaonyesha watu ambao hata hawajui kusoma. Halafu wiki mbili baada ya yale mashindano ya roboti Kisarawe ukaniambia, umekaa hapo kwenye kigoda unamenya viazi, kwamba utabadili kozi, utasoma ununuzi na ugavi. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Mama, mimi umeme sina mkono nao. Uliona mwenyewe." Nikasema sawa. Ulitegemea nigombe na sikugomba, na naona ulishangaa. Mimi, ninayegomba na watu kwa kuweka sahani vibaya, nikasema sawa, nikatoka nje nikajifanya naita kuku.

Sasa tukae tukumbuke vizuri, kwa sababu wewe unakumbuka vibaya, na aliyekufanya ukumbuke vibaya ni mimi.

Ulipokuja na habari ya roboti wa kupigana nilicheka. Vyombo viwili vinaingia ulingoni vinagongana mpaka kimoja kinashindwa kutembea, na wenyewe wamesimama nje wameshika rimoti. Nikasema hiyo ni kazi ya watu walioshiba. Lakini ulipoanza kutafuta vifaa nikaona hii ni kazi yangu, mimi nimekula na kulea kwa betri na mota. Nikakuletea mota ya waipa ya lori. Nikakuletea betri ya pikipiki, mpya, ndani ya boksi lake, na nikaiweka mezani kwa maringo.

Wewe ukaipandisha kwenye mzani ninaopimia unga. Ukasema, "Mama, asante. Ila hii betri peke yake imemaliza uzito wote tunaoruhusiwa. Hatujaweka hata gurudumu." Kilo moja na nusu, chombo kizima, ndiyo sheria yao. Nikasema sheria ya kijinga. Ukanieleza, kwa upole, unavyoelezea wewe mpaka mtu anataka kukuzaba: kwamba unaanza na uzito, halafu silaha, halafu mota za kuendeshea, halafu unahesabu mota zote zikikaza kwa pamoja zitavuta umeme kiasi gani, na betri unaichagua mwisho. Mimi miaka yote ninaanza na betri. Mtu akija hapa na shida yoyote, jambo la kwanza naangalia nina betri gani.

Mota ulizipata kwenye drili mbili za fundi seremala zilizokufa betri, ukazitoa na gia zake. Nikasema hazitadumu, na zimedumu, hata leo nimezizungusha kwa mkono zinazunguka. Betri uliifuata Kariakoo, ile laini iliyofungwa kama chokoleti kwenye karatasi ya fedha, seli tatu, nyepesi mno, nilipoishika nikadhani ni ganda tu. Na chaja yake ndogo yenye viwaya vingi inayopima kila seli peke yake. Nikakuuliza utajuaje imejaa. Ukanionyesha namba kwenye kioo.

Nikakuambia namba zinadanganya. Betri iliyojaa inachemka. Unatega sikio juu yake unasikia maji yanavyotokota ndani, ndipo unajua umeme umeingia. Hivyo ndivyo babu yako alivyonifundisha, na hivyo ndivyo nimewachajia watu wote wa hapa Mbwawa wenye betri. Ukacheka kidogo, ukasema, "Hii haichemki, Mama. Ikichemka tumekwisha."

Ulisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nataka uyasome mara mbili, kwa sababu mimi nimeyasikia kila siku tangu yale mashindano.

Siku ya kwenda Kisarawe uliamka kabla yangu, ukachaji kwa chaja yako, ukamfunga Nungu, ukamweka juu ya meza hii. Halafu ukaenda kuoga na kusukwa nywele kwa jirani. Gari la kukodi lilikuwa linakuja saa tatu, na bodaboda wa kijiweni wote walikuwa wanakuja kushangilia, wengine wateja wangu tangu hujazaliwa. Nikamwangalia Nungu. Nikafungua kifuniko. Nikatega sikio juu ya betri yako, na ilikuwa kimya.

Zuhura, niliichomeka kwenye chaja ya banda.

Ile kubwa, ya magari. Nikabana nyaya kwa koleo ndogo, nikatega sikio, nikangoja ichemke. Haikuchemka. Nikasema, unaona, haijajaa, mtoto atakwenda kuaibika na betri nusu. Nikaiacha iendelee. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikasikiliza tena. Nilipoigusa ilikuwa ya moto na imetuna kama andazi. Nilijua. Usije ukaniambia kwamba sikujua, mama yako hana elimu ya vitabu lakini mkono wangu unaijua betri inayoumwa. Nikaichomoa, nikasikia unaongea na jirani uani unakuja, nikaibonyeza kwa kiganja irudi mahali pake, nikafunika, nikakaza bolti nne moja moja mpaka ya mwisho.

Ukaingia ukasema, "Mama, nimependeza?" Nikasema umependeza.

Njia nzima mpaka Kisarawe nilikuwa naweza kusema. Tulisimama mara mbili njiani. Ulikaa pembeni yangu umempakata Nungu kwenye kitenge, na mimi mkono wangu uko juu ya goti lako, nafanya dua isitokee kitu. Badala ya kufungua mdomo nikafanya dua. Hilo nalo linanitia hasira, kumpa Mungu kazi ambayo ningeimaliza kwa sentensi moja.

Mengine uliyaona. Nungu alimchapa yule mpinzani wa kwanza mara mbili, ukumbi ukainuka. Mara ya tatu waligongana uso kwa uso na moshi mweupe ukatoka tumboni, halafu moto. Mwamuzi akaja na ndoo ya mchanga. Wewe ukaruka ukuta wa ulingo ukatia mkono kukata umeme kabla hawajakuzuia, na ndiyo hiyo alama uliyonayo kiganjani. Watu wakacheka. Mmoja wa wale wetu, yule mrefu mwenye pikipiki nyekundu, akapaza sauti, "Oya, Nungu kawa mshikaki."

Na mimi nikasimama. Kila siku najiuliza miguu ilipata wapi nguvu. Nikasema, nikiwageukia wateja wangu, kwa sauti ya kusikika, "Nilimwambia hiyo betri ni ya kitoto. Hakunisikia."

Sikulazimishwa na mtu. Ningeweza kukaa kimya tu, na hata hiyo ingekuwa dhambi ndogo kuliko niliyoichagua. Lakini nilimwona fundi betri wa Mbwawa, yaani mimi, anachekwa, nikamwokoa yeye, nikakuacha wewe umesimama na mkono unawaka.

Tuliporudi, pale kijiweni gari lilipotushusha, mbele ya wote, ulipiga goti. Ulisema, "Mama nisamehe, nimekuaibisha mbele ya wateja wako. Ningekusikiliza." Nikakuacha useme mpaka ukamaliza. Halafu nikakushika kichwa nikasema yamekwisha, nimekusamehe, na watu wakasema huyu ndiye mama.

Nilikusamehe. Mimi, Zuhura. Nilikusamehe wewe.

Nimeinuka hapa nikazunguka banda mara mbili, nimerudi.

Sasa nikwambie habari ya babu yako, na ukiisoma usidhani naitoa iwe kisingizio. Unajua kuwa nilikaa Marui miaka mitatu kwa mama yangu mdogo nikilima mihogo. Siku zote nimekuambia nilipenda shamba. Sikupenda shamba. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa mkono wa kulia wa babu yako, tukihudumia betri za sola za watu wa Maneromango na vijiji vya ndani. Kulikuwa na zahanati moja huko, friji yao ya chanjo ilitegemea betri nane. Mvua zikakata barabara, maji ya betri yakatuishia. Babu yako akaniambia nichote ya kisima. Nikasema, "Baba, haya yana chumvi." Akasema nichote. Nikachota, akajaza yeye mwenyewe.

Betri zikafa zote, na chanjo zikaharibika. Kamati ya zahanati ikaja nyumbani, wazee watu wazima wamevaa kanzu, wakauliza nani alijaza. Babu yako akaninyooshea kidole. "Ni huyu binti, alichota maji ya kisima." Na kweli nilichota. Aliutumia ule upande wa ukweli uliomfaa, mwingine akaumeza. Kesho yake nikafunga nguo nikaenda Marui, nikaapa sitashika betri mpaka nife.

Baada ya miaka mitatu alikuja. Hakukaa sana. Alikuwa na kile kipima asidi chake cha kioo chenye mpira wa kufyonzea, hiki kilichotundikwa hapa ukutani, ambacho wewe ukiwa mdogo nilikuchapa kwa kukichezea. Akakiweka kwenye mkeka mbele yangu, akanywa maji, akasema kwaherini, akaondoka. Nikarudi kwenye kazi kwa sababu ya kioo kile. Nilijiambia ameshasema, ila kwa njia yake. Nikaendelea kungoja aseme kwa mdomo, mwaka mmoja, miwili, kumi, mpaka nikamfunga kidevu kwa kitambaa tukaenda kumzika. Hakusema. Na huko Maneromango ulikokwenda leo, wapo mpaka sasa wanaonijua kama yule binti aliyeua betri za zahanati. Pengine umekaa nao mchana huu wakakusimulia.

Kwa hiyo mtu pekee katika Mkoa wa Pwani aliyekuwa anajua hasa maumivu ya jambo hili, ndiye aliyekufanyia. Ndiyo maana nina hasira ya namna hii. Kama ningekuwa mjinga ningejihurumia.

Na kwako pia nina hasira, usijifiche. Nakukasirikia kwa sababu hukuniuliza. Wewe unayeandika kila kitu kwenye daftari, unayepima seli tatu kila moja peke yake, ulipoona betri imeungua ukakubali tu kwamba umechagua vibaya. Daftari lako nimelisoma leo. Ukurasa wa asubuhi ile umeandika namba za kila seli, zote sawa, zote salama, kwa wino wa bluu. Chini yake, kwa kalamu nyingine, umeandika, "Betri mbovu. Kosa langu." Namba zilikuwa zinakwambia kuna mtu ameigusa. Ukaamini mdomo wa mama yako kuliko macho yako. Heshima ya namna hiyo siitaki, na ukienda nayo huko unakokwenda kila mwenye sauti kubwa atakugeuza anavyotaka.

Basi sikia yaliyo kweli. Uzito uliupanga sawa. Mota ulichagua sawa, ingawa mimi nilisema hazitadumu. Silaha ulichonga sawa. Betri ulichagua sawa na ukaichaji sawa. Nungu angetembea mpaka mwisho. Labda angeshindwa kwa mengine, sijui, lakini asingeungua.

Sikwambii urudi kwenye umeme. Umesema chuo kinakubali mtu abadili kozi wiki ya kwanza, na hiyo wiki ni yako. Ukitaka ununuzi na ugavi kwa kuwa unaupenda, nenda, nitawatangazia watu sokoni vilevile. Lakini hutaacha umeme kwa kosa langu mimi nikiwa hai na nina mdomo. Ukiuacha, uuache ukijua.

Barua hii naikunja naiweka tumboni kwa Nungu, pale palipokuwa na betri, na bolti nne nazikaza kama nilivyozikaza siku ile. Utamkuta juu ya begi lako, ncha ya karatasi inachungulia nje. Betri nyingine sijamtafutia. Ilinijia nikamtafutie, nikaona ni yaleyale ya babu yako na kipima asidi chake, kuweka kitu kwenye mkeka halafu kunywa maji na kuondoka. Betri utachagua mwenyewe, na chaja ya banda nimeandika juu yake kwa rangi nyekundu MAGARI TU, ingawa anayehitaji kusoma hayo ni mwenye banda.

Kuandika peke yake hakutoshi, najua. Aibu ulipewa mbele ya watu. Kesho kabla ya gari lako tutapita kijiweni, watakuwepo wote saa ile, na yule mrefu wa pikipiki nyekundu atakuwepo. Nitasimama palepale ulipopiga goti. Nitawaambia kwamba nilichomeka betri yako kwenye chaja ya magari, kwamba niliona imetuna nikaifunika, na kwamba nilisema uongo Kisarawe kwa sababu ya jina langu. Nimejaribu kuyasema hapa bandani mara tatu. Mara zote sauti inakatika pale pa "nikaifunika," lakini kesho nitavuka.

Wengine watahamisha betri zao kwa fundi mwingine. Wahamishe.

Wewe nina ombi moja kwako, na ndilo nililoanzia barua hii bila kujua. Utataka kunishika mkono. Utataka kusema "basi Mama, yamekwisha," kwa hiyo sauti yako ya upole. Usithubutu. Wewe uliomba msamaha ambao haukuwa wako, na mimi nikakuacha mpaka ukamaliza. Kesho na wewe uniache nimalize.

Salamu zimebaki, kumbe. Zipokee.

Mama yako